Mshikano Ndani ya Ubongo wa Mtoto

Kila alfajiri, katika kambi za polisi za Nsambya na Naguru mjini Kampala, akina mama huamka mapema wakateka maji, wakakoroga uji na kuwavika watoto sare za shule. Miongoni mwa watoto wa kambi kama hizo aghalabu hupatikana mmoja ambaye mwaka uliopita alilazwa hospitalini akiwa hajitambui, kwa malaria iliyompanda kichwani. Alipozinduka jamaa walishukuru, majirani walileta mayai na kuku, na siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani kila mtu alisema: amepona. Leo anakula, anakimbia na kucheza mpira wa makaratasi pamoja na wenzake. Darasani, hata hivyo, mambo si yale ya zamani. Akitumwa dukani vitu vitatu hurudi na kimoja. Mwalimu akieleza jambo refu, macho ya mtoto huwa dirishani. Ripoti ya mwisho wa muhula huja na neno "mvivu", na baba, aliyerudi likizo kutoka kituo cha mbali, huvua mkanda.

Kabla mkanda haujashuka, yafaa liulizwe swali moja. Je, mtoto huyo ni mvivu kweli, ama limo jambo ndani ya kichwa chake ambalo yeye mwenyewe halijui wala hawezi kulieleza? Ili kulijibu swali hilo hapana budi kwanza kuufahamu ubongo wenyewe, na hasa namna chembe zake zinavyoshikana na kupashana habari.

MAJIRANI WASIOGUSANA

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli ni chembe hai, ndogo mno kuonekana kwa macho matupu, na seli ya neva ni ile iliyopewa kazi ya kupokea habari na kuzipeleka mbele. Seli moja peke yake haijui kitu. Haikumbuki jina la mama wala haiwezi kujumlisha mbili na tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa: kumbukumbu, usemi, woga na furaha hutokana na seli nyingi mno zinazozungumza kwa pamoja.

La ajabu ni kwamba majirani hao hawagusani. Baina ya seli inayotoa habari na ile inayoipokea upo ufa mwembamba. Mahali pakutanapo seli mbili, pamoja na ufa huo, wataalamu hupaita sinapsi, jina lililotolewa mwaka 1897 na Mwingereza Charles Sherrington. Chukua milimita moja, uigawe mafungu 50,000 yaliyo sawa. Upana wa ufa huo wakaribia kuwa fungu moja tu.

Katika sinapsi zilizo nyingi, habari hufika ukingoni kwa njia ya umeme, lakini umeme huo hauwezi kuruka ufa. Hapo hufunguka milango midogo, kalsiamu ikaingia ndani ya seli, na vifuko vilivyojaa kemikali vikapasukia nje. Kemikali hiyo huvuka ufa ikatua juu ya vipokezi vya seli ya pili, na seli hiyo ikaendeleza habari. Yote hayo hutendeka kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Askari wa mawasiliano ataelewa upesi: ni kama ujumbe uliofika ukingo wa mto kwa simu, ukaandikwa, ukavushwa kwa mtumbwi, kisha ukapigwa simu tena ng'ambo ya pili.

Mtumbwi huo wapaswa kutua palepale alipo mpokeaji. Vifuko vikifunguka upande huu, na vipokezi vikiwa vimekaa pengine, ujumbe hupotea majini. Ni nani, basi, anayezishika kingo hizo mbili zikadumu kutazamana?

MIKONO JUU YA UFA

Kazi hiyo hufanywa na molekuli za mshikano. Hizo ni protini zilizopandikizwa katika utando wa nje wa seli, ncha zake zikichomoza ufani. Protini ya upande huu hukutana na ya upande wa pili, zikashikana kama watu wawili wanaopeana mikono juu ya mfereji. Ziko za aina nyingi. Zipo ziitwazo kadherini, ambazo hukaza mshiko wake kwa msaada wa kalsiamu. Jozi iliyochunguzwa sana ni ya neureksini, ikaayo upande wa mtoaji wa habari, na neuroligini, ikaayo upande wa mpokeaji.

Ugunduzi wa jozi hiyo ulianzia kwenye sumu. Yuko buibui aitwaye mjane mweusi, ambaye sumu yake huzifanya neva zimwage kemikali zake kwa fujo, hata misuli ya aliyeumwa ikakakamaa kwa maumivu makali. Thomas Südhof, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Dallas, Marekani, alitafuta pamoja na wenzake mahali ambapo sumu hiyo hujishikiza juu ya neva. Mwaka 1992 walitangaza protini waliyoiita neureksini. Mwaka 1995 walimpata mwenzi wake, neuroligini. Südhof alikuwa mmoja wa wataalamu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013, kwa kueleza jinsi vifuko vya seli vinavyosafirisha mizigo yake.

Mwaka 2000 wataalamu wengine walifanya jaribio lililowashangaza wengi. Walichukua seli zisizo za neva, wakazipa neuroligini, kisha wakaziweka kando ya seli za neva zilizo hai. Seli za neva zilipoishika protini hiyo zilianza kujenga gati la kutolea habari mahali hapo, ingawa aliyekuwa ng'ambo hakuwa neva hata kidogo. Mkono ulionyooshwa ulitosha kumwita mjenzi.

SI GUNDI TU

Mtu aweza kudhani ya kuwa molekuli hizo ni kama gundi ya seremala, ambayo kazi yake huisha mbao zikishagandamana. Panya wa maabara walionyesha kwamba sivyo.

Mwaka 2003 ilitolewa taarifa ya panya waliozaliwa bila aina kuu za neureksini. Sinapsi zao zilijengeka. Ukizitazama kwa darubini kali ungesema hazina kasoro kubwa. Lakini ile milango ya kalsiamu haikufanya kazi sawasawa, kemikali haikutolewa kama ipasavyo, na panya walikufa. Mwaka 2006 wataalamu wa Göttingen, Ujerumani, walieleza habari za panya waliokosa aina tatu za neuroligini. Idadi ya sinapsi zao haikupungua sana, ila habari hazikupita vema katika sehemu ya ubongo iongozayo pumzi. Panya hao walikufa mara baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kushikana kwa seli si kwa ajili ya kuziweka karibu tu. Mshikano ndio unaosaidia kuamua milango ifunguke kiasi gani, vipokezi vikae wapi, na ujumbe uwe wa nguvu ama hafifu. Kambi yaweza kuwa na minara yote ya redio, kila mnara umesimama imara, na bado amri isifike kokote.

Molekuli hizo huusaidia ubongo pia kupima uzito wa habari. Ziko sinapsi za kuchochea na ziko za kutuliza, mfano wa gari lenye mafuta na breki. Neuroligini ya kwanza hukaa zaidi penye sinapsi za kuchochea, na ya pili hukaa penye zile za kutuliza. Uchochezi ukizidi na utulivu ukipungua, kundi la seli laweza kufyatua umeme kwa pamoja bila mpango, nayo ndiyo degedege ama kifafa. Wapo hata watu wazima wanaoanza kupatwa na kifafa kwa sababu kinga ya mwili wao wenyewe imeshambulia protini mojawapo inayounganisha kingo mbili za sinapsi.

Kadhalika mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa na Uswidi walieleza habari za familia mbili za Uswidi, zenye ndugu wa kiume waliokuwa na usonji. Katika kila familia walikuta hitilafu katika urithi wa neuroligini. Hitilafu za namna hiyo ni chache, wala hazielezi usonji wa watoto wote. Hata hivyo zinatosha kumfariji mzazi aliyeambiwa na majirani ya kuwa mtoto wake amerogwa, ama kwamba mama alikosa malezi. Yako mambo ambayo chanzo chake ni kidogo kuliko ncha ya sindano.

MSHIKO WA ADUI

Turudi sasa kwa mtoto aliyepatwa na malaria ya ubongo, kwani ugonjwa wake nao ni habari ya kushikana, ila ni mshiko wa adui.

Kuta za mishipa ya damu nazo zina molekuli za mshikano. Kazi yake ya halali ni kuzidaka chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, ili zisimame penye ugonjwa na kutoka kwenda kupigana. Kijidudu cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum kimejifunza kuitumia mikono hiyo kwa hila. Kikiisha kuingia katika chembe nyekundu ya damu, hutengeneza protini yake na kuitoa juu ya chembe hiyo mfano wa vijiti vyenye ulimbo. Mwaka 1989 ilifahamika kwamba ulimbo huo waweza kushika molekuli ya ukutani iitwayo ICAM-1, na mwaka 2013 ikafahamika kwamba hushika nyingine iitwayo EPCR.

Kijidudu kina faida katika hila hiyo. Chembe iliyojibanza ukutani haipiti kwenye wengu, mahali ambapo damu huchujwa na chembe mbovu huondolewa. Ni kama mhalifu anayehama njia kuu asikutane na kizuizi cha polisi.

Lakini faida ya kijidudu ni hasara ya mtoto. Mishipa midogo ya ubongo huzibika, oksijeni na sukari hupungua, kuta huvuja, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilopanuka. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, madaktari waliwapiga watoto wenye malaria ya ubongo picha za ubongo kwa mashine ya sumaku. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilieleza kwamba, kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya.

Ifahamike vema kwamba vijidudu vyenyewe havipenyi kuingia katika seli za neva. Hubaki ndani ya mishipa ya damu. Hata hivyo seli ya neva haiwezi kuishi muda mrefu bila oksijeni na sukari, na seli ikifa huiachia mikono yote iliyokuwa imeshika.

WALICHOKIONA MULAGO

Katika Hospitali ya Mulago, hapa Kampala, madaktari na wataalamu wa saikolojia hawakuridhika na neno "amepona". Robert Opoka, Paul Bangirana, Richard Idro na Justus Byarugaba, wakishirikiana na Chandy John na Michael Boivin wa Marekani, waliwafuatilia watoto wa umri wa miaka 5 hadi 12 baada ya kutoka wodini. Waliwapima kumbukumbu, umakini na uwezo wa kujifunza, kisha wakawalinganisha na watoto wenye afya wa mitaa yao.

Taarifa yao ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba, miezi sita baada ya ugonjwa, watoto 21 katika kila 100 waliougua malaria ya ubongo walikuwa na upungufu, hali miongoni mwa watoto wenye afya walikuwa 6 tu. Taarifa ya mwaka 2008 ilieleza hali ilivyokuwa baada ya miaka miwili: 26 katika kila 100, dhidi ya 8 wa mitaani. Sehemu iliyodhurika zaidi ilikuwa umakini, yaani uwezo wa kulishika jambo moja akilini bila kutangatanga. Huyo ndiye mtoto ambaye macho yake huwa dirishani.

Mwaka 2020 lilitolewa jambo jingine kutoka kwa watoto wa Kampala. Wataalamu waliyapima maji ya uti wa mgongo yaliyotolewa siku mtoto alipolazwa, wakitafuta protini iitwayo tau. Protini hiyo makao yake ni ndani ya seli za neva. Ikionekana nje kwa wingi, ni dalili kwamba seli zimejeruhiwa. Watoto waliokuwa na tau nyingi ndio walioelekea zaidi kubaki na matatizo ya neva na ya kujifunza miaka ya baadaye. Jeraha lilikuwapo tangu siku ile ya kwanza, ingawa halikuwa na bendeji wala kovu.

Habari hizi zina upande wa pili, nao usisahauliwe. Kiasi cha robo tatu ya watoto hao hawakuonekana kuwa na upungufu baada ya miaka miwili. Hata waliokuwa nao hawakuachwa bila tumaini. Mwaka 2009 Bangirana, Boivin na wenzao walieleza jinsi walivyowapa baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo mazoezi ya akili kwa kompyuta, vipindi 16 katika wiki nane. Watoto hao waliendelea mbele kuliko wenzao wasiopewa mazoezi katika baadhi ya vipimo. Ubongo wa mtoto bado unajenga. Sinapsi itumikayo mara kwa mara huimarika, na molekuli za mshikano zimo katika kazi hiyo ya kuimarisha.

KAZI YA NYUMBANI NA YA SHULENI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ulinzi wa kwanza ni kuuzuia ugonjwa. Chandarua chenye dawa kitumike kila usiku, hata katika nyumba ya kambini ambamo watoto wanne hulala chumba kimoja. Serikali ya Uganda ilizindua chanjo ya malaria wilayani Apac mwezi Aprili 2025, kwa mpango wa wilaya 105. Mtoto hupewa dozi nne, akiwa na umri wa miezi 6, 7, 8 na 18. Ile ya mwisho ndiyo rahisi kusahauliwa, kwa kuwa mtoto amekwisha kuanza kutembea na mama amerudi katika shughuli zake.

Jamaa za askari zina hatari yao maalumu, nayo ni uhamisho. Malaria ya Kampala ni haba kuliko ya wilaya nyingine. Katika utafiti wa mwaka 2001 na 2002, mtu mmoja huko Apac alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vijidudu zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Mtoto aliyekulia Kampala huwa hajajenga kinga ya kutosha; baba akihamishiwa wilaya yenye mbu wengi, chandarua na kitangulie kufungwa katika mizigo kabla ya sufuria.

Homa ikimshika mtoto, apelekwe kupimwa siku ileile, wala haifai kungoja mshahara ama ruhusa ya baba kwa simu. Akithibitishwa kuwa na malaria, vidonge vyote vya siku tatu vimalizike hata kama homa imeshuka siku ya pili. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayesinzia kupita kiasi ama aliyepatwa na degedege, huyo ni wa kukimbizwa hospitalini. Degedege, ambayo Waganda huiita eyabwe, si shetani. Mtoto alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, na kisitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani mwake. Hospitalini iko sindano ya artesuneti. Utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye malaria kali waliotibiwa kwa kwinini walifariki karibu 11, na kati ya waliotibiwa kwa artesuneti walifariki kati ya 8 na 9. Kila saa inayopotea njiani ni saa ya kuziba mishipa.

Mtoto akisharudi nyumbani, mwalimu wake aambiwe waziwazi ugonjwa uliompata. Yafaa aketishwe mstari wa mbele, mbali na dirisha. Maagizo yagawanywe: atumwe kitu kimoja, akirudi atumwe cha pili, kisha viwili kwa pamoja. Vitendawili, hadithi za jioni, bao na kuhesabu mabuyu ni mazoezi yasiyohitaji kompyuta wala fedha. Akionekana kubadilika tabia, kusahau mno ama kushikwa na kifafa, arudishwe kwa daktari, hata kama mwaka umepita.

Na baba aliyevua mkanda aurudishe kiunoni. Kiboko hakijapata kuunganisha sinapsi hata moja. Mtoto anayengoja kupigwa huutumia umakini wake mchache kuutazama mkono wa baba, asibakize wa kutazama kitabu. Askari aliyejeruhiwa vitani haitwi mvivu kwa kuwa anachechemea. Huandikiwa kazi nyepesi, akapewa muda na kusaidiwa kusimama. Mtoto aliyetoka katika malaria ya ubongo naye ametoka vitani, na jeraha lake limefichwa na nywele tu. Jioni baba akiketi naye kizingitini, akamsimulia hadithi fupi na kumtaka aisimulie tena tangu mwanzo, asikasirike mtoto akiruka sehemu ya katikati. Amkumbushe, waanze upya.